Wimbo wa Wanawake Mwishoni mwa Kanda ya Kwaya

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Mkicheka, chekeni tu, hata mimi nilicheka siku karani aliponisomea barua. Shamba la ngano linafungwa kipande kwa kipande, kombaini zimepangwa nyuma ya karakana kama ng'ombe wagonjwa, na sisi wa chumba cha picha tulikuwa wa kwanza kuambiwa asante. Mzee Akonaay, mwalimu wangu, anasema mtu akipewa barua yenye maneno "kwa utumishi wako", huyo ni mstaafu, asibishane. Basi mimi ni mstaafu. Nywele zangu bado hazijapata habari hiyo.

Ninawaandikia ninyi wadogo zangu, Marta na Veronika, mnaobaki na kamera ya kwaya. Nimesoma mpaka darasa la saba, kule kwetu Bashay, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Mtakuta vumbi, betri, na woga. Hasa woga. Watu wanadhani kazi ya kupiga video za nyimbo ni kazi ya furaha, kwa sababu kwenye picha kila mtu anacheza. Aliyeshika kamera hachezi. Aliyeshika kamera anaogopa.

Siku yangu ya kwanza niliingia chumba cha picha na ufagio. Ndiyo kazi niliyoajiriwa: kufagia darasa ambalo madereva walifundishwa kombaini. Wataalamu wa kizungu walikuwa na televisheni, deki ya kuchezea kanda za video, na kamera kubwa ya begani, na walikuwa wamepiga video ya jinsi ya kupaka grisi. Niliitazama video hiyo ya grisi kama watu wanavyotazama harusi.

"Binti," sauti ikasema nyuma yangu, "unafagia au unatazama?"

"Shikamoo mzee. Nafagia."

"Marahaba. Huo ufagio umesimama tangu grisi ya kwanza."

Ndiye huyo Mzee Akonaay. Macho yake yalikuwa yameanza kuona ukungu, na alihitaji mtu wa kumwambia kama picha iko wazi. Kila siku nilipomaliza kufagia aliniita. Wiki ya tatu akaniwekea kamera begani. Nilihisi nimebebeshwa mtoto wa mtu mwingine, tena mtoto mwenye homa.

"Ukiiangusha," akasema, "rudi Bashay kwa miguu. Usipite kuniaga."

Tangu siku ile sijawahi kuishika kamera bila kutafuta kwanza mahali pa kuiweka chini. Betri zake zilikuwa nzito kama tofali na zilikufa kabla ya ubeti wa tatu. Vumbi la wakati wa kuvuna liliingia kila mahali. Mzee aliivika kamera blanketi na kuifunga kamba, akaniambia nisiifungue mpaka upepo ulale. Upepo wa bonde la Hanang haulali. Kwa hiyo nilijifunza kuifungua ndani ya blanketi, kwa kupapasa, kama mtu anayekamua ng'ombe gizani.

Mzee alinifundisha mambo mengi, ila matatu nawaachia ninyi. La kwanza, onyesha kamera karatasi nyeupe kabla ya kuanza, la sivyo watu wote watakuwa na rangi ya bluu, na mtu akijiona wa bluu anadhani atakufa. La pili, anza na miguu. "Uso ni mali ya mtu," alisema. "Anza chini, kwenye vumbi, mpe nafasi akuzoee. Ukifika usoni, uwe umekaribishwa." La tatu, andika jina juu ya kanda siku ile ile. "Kanda isiyo na jina ni mtoto aliyepotea mnadani. Yeyote anaweza kumshika mkono akaenda naye." Hilo la tatu ndilo nililolivunja, na nitawaeleza.

Yeye alianzia kwenye gari la sinema. Wakati huo, anasema, walipiga picha za ngoma vijijini kwa filamu isiyo na sauti, wakaenda kuionyesha kwingine huku ngoma ikipigwa kwenye kipaza sauti kutoka kaseti nyingine kabisa. Miguu ya wachezaji haikukutana na ngoma hata mara moja. Watu wa kijiji cha Nangwa walimwuliza kwa upole: "Hawa ni walevi, au huko kwao ndivyo wanavyocheza?"

Ilipokuja video, sauti na sura vikaanza kusafiri pamoja, na mzee anasema siku aliyoona hivyo alikaa chini. Mimi video yangu ya kwanza ya muziki niliiona kwenye kaseti iliyoachwa na mtaalamu mmoja. Kijana wa kizungu alikuwa anaimba ndani ya moshi, anaruka, anabadilishwa shati bila kuonekana anavua. Madereva walijaa mlangoni. Mmoja akauliza nani anapika kwenye moshi ule. Mzee alitazama mpaka mwisho, akauliza: "Huyu anaimba au anatoroka?" Wote walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kuota.

Niliota kwamba nyimbo zote za huku zingeingia kwenye kanda: za kwetu Wairaqw kule juu Mbulu, za Wabarabaig wa mbugani, za kwaya, za wanawake wanaopura ngano iliyodondoka. Siku hizi kuna televisheni mjini inayoonyesha bendi zikicheza ufukweni na kwenye magari, na wale waliowahi kuiona wanaona ni jambo jipya. Sisi tulishawahi kulifikiria jambo hilo kwenye tope la Hanang, kwa betri ya dakika nane.

Video yetu ya kwanza kamili ilikuwa ya kwaya ya shamba. Tulirekodi nyimbo tatu kanisani kwenye redio kaseti, halafu tukaenda katikati ya ngano iliyoiva, tukawafungulia kaseti kwa sauti kubwa ili wafuatishe kwa midomo. Hapo kazi ikakwama. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alikataa katakata.

"Nimwimbie Mungu kwa kudanganya mdomo?"

"Mama, sauti yako iko kwenye kaseti tayari."

"Basi kaseti na iende mbinguni, mimi nibaki."

Mwalimu wa kwaya akakata shauri: waimbe kweli kweli, kaseti iwe ya kuwaongoza tu. Wakasali kwanza, wakaomba msamaha kwa lolote litakaloonekana kama uongo, ndipo tukaanza.

Aliyetupa tabu zaidi ni Damiano, msimamizi wa matrekta. Mtu wa mbali, si wa huku, mwenye sauti nene ya besi ambayo kusema kweli ilikuwa nzuri. Alitaka kombaini ipite nyuma ya kwaya wakati anaimba kipande chake peke yake. Ikapita. Makapi yakawaingia wanawake kooni, sauti ya kwanza yote ikakohoa, ila Damiano yumo kwenye picha amesimama kama nguzo, mashine nyekundu nyuma yake, anaimba habari za unyenyekevu.

Niliiunganisha video hiyo kwa deki mbili, ya kuchezea na ya kurekodia, kidole juu ya kitufe cha kusimamisha, pumzi nimeishika. Ukikosea kidogo, mtu anafungua mdomo kwenye ubeti wa kwanza na kuufunga kwenye wa tatu. Nilimaliza. Kwenye kanda ikabaki nafasi mwishoni.

Sasa niwaambie kuhusu nafasi hiyo.

Maziwa ya kambini kwetu yaliletwa na bibi mmoja wa Kibarabaig, Bibi Udamanga. Alikuwa mrefu, bangili za shaba mpaka kiwiko, sketi ya ngozi ya wake wa kwao, na Kiswahili alichokiokota mlangoni kwa wateja. Alinipenda kwa sababu nilimwamkia vizuri na sikuwahi kusema maziwa yake yananuka moshi wa kibuyu. Siku moja hakuweka kibuyu chini. Alisimama tu.

"Shikamoo bibi. Kuna nini?"

"Marahaba. Kuna kitu mbaya, binti."

Wanawake watano walikuwa wanarudi kutoka ziwani na maji, wakakata katikati ya ngano kwa sababu njia yao ya zamani ilikuwa imelimwa. Damiano aliwafuata na trekta, akashuka, akawakimbiza. Kwenye vumbi akamkamata mmoja, akampiga, na sketi yake ya ngozi ikachanika mkononi mwake. Huyo alikuwa bibi harusi, hana hata mwaka kwenye boma la mumewe. Jina lake sitaliandika. Nitamwita Mgeni.

Kwa Wabarabaig sketi ile si nguo tu. Mwanaume akiichana ametukana kila mwanamke aliyewahi kuivaa. Na kwao wanawake wana baraza lao. Wanakutana peke yao, wanamsikiliza aliyetendewa, wanaimba, wanatoa hukumu, na mwanaume analipa dume jeusi la ng'ombe. Asipolipa, wanamlaani. Nimewaona wanaume wenye mikuki wakibadilisha njia kwa kusikia tu kwamba wanawake wanakutana mahali fulani.

Damiano hakujua alimkamata yupi kati ya wale watano. Vumbi lilikuwa zito na wote walikuwa wamejifunika vichwa. Lakini alikuwa amesikia kwamba mmoja amemtaja. Bwaloni, tunapokula, alisema mbele ya watu wote huku anapuliza chai: "Nikimjua huyo mwanamke tu, ng'ombe za mume wake zitalala kituoni mpaka zife. Halafu tuone atapokelewaje nyumbani." Alikuwa na uwezo wa kufanya hivyo. Ng'ombe walikwishakamatwa kwenye ngano kwa makosa madogo kuliko hayo, na bibi harusi aliyewaponza ng'ombe wa boma zima ana mahali gani pa kulala?

Nilimwuliza bibi kama naweza kwenda barazani na kamera. Nasema ukweli, sikuuliza kwa ajili ya haki. Niliuliza kwa ajili ya ndoto yangu. Nilitaka ule wimbo.

Bibi alihamishia kibuyu mkono wa pili. "Hiyo kitu yako inakula sauti?"

"Inashika sauti na sura, bibi."

"Wale wa boma za mbali, wazee, hawawezi kutembea mpaka huku. Wataona?"

"Wataona kama vile walikuwepo."

"Wewe ni mwanamke. Njoo. Lakini mwanaume asione. Hata huyo mzee wako."

Nikaapa.

Wanawake walikutana mchana kwenye uwazi mmoja mbali na ngano. Nilianza na miguu, kama nilivyofundishwa: vumbi, vikuku, pindo za ngozi zikipigapiga. Waliimba kwa kuitikiana, na kati ya beti mmoja alisema na wengine wakavuta pumzi pamoja, mvuto mmoja, kama ng'ombe mkubwa anayeamka. Polepole nikapanda. Mgeni akatoka mbele. Aliimba mwenyewe yaliyompata, akalitaja jina la Damiano, akaonyesha mahali ngozi ilipochanika. Uso wake wote ulijaa kwenye kioo cha kamera. Nilikuwa nalia, na mkono haukutikisika, na nilijisifu kwa hilo. Mungu anisamehe.

Hatukuwa na kanda tupu. Shamba lilikuwa limeacha kutuletea. Kwa hiyo nilirekodi dakika kumi na moja zile, kwa betri mbili, mwishoni mwa kanda ya kwaya, nikiacha katikati kipande kitupu, zile chenga nyeupe za kioo. Nilipanga kuzihamishia kwingine nikipata kanda, halafu nifute. Na sikuandika kitu juu yake. Niliogopa. Nilisema, nikiandika "wanawake", mwanaume atasoma na atauliza. Nikairudisha kwenye rafu na jina lake lile lile: Kwaya.

Jumapili baada ya ibada nilipita chumba cha picha. Rafuni palikuwa na pengo.

"Mzee, kanda ya kwaya iko wapi?"

"Damiano ameichukua sasa hivi. Wanaionyesha bwaloni. Nenda ukapigiwe makofi."

Sikumwambia kitu. Nilikuwa nimeapa. Nikakimbia mpaka bwaloni.

Bwalo lilikuwa limejaa: madereva, mafundi, wapishi, wanakwaya na sare zao, walinzi wa Kibarabaig watano au sita wamekaa nyuma na fimbo zao. Televisheni na deki zilikuwa kwenye kizimba cha nondo, kama mnavyokijua, waya na vyote ndani, kufuli mbele. Ufunguo ulining'inia kwenye mkanda wa Damiano, kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya bwalo. Wimbo wa pili ulikuwa unaendelea.

Nikapenya mpaka mbele. "Shikamoo kaka Damiano. Naomba kanda, ina kasoro. Itaharibu deki."

"Marahaba, mpiga picha wetu!" Alikuwa na furaha ya kweli. "Kasoro gani? Mimi sioni kasoro. Kaa hapa."

"Itakwaruza vichwa vya deki. Kweli."

"Ikwaruze baada ya wimbo wangu."

Wimbo wake ulikuja. Kombaini ikapita, wanawake wakakohoa, bwalo zima likacheka na kupiga makofi. "Rudisha!" wakapiga kelele. Akafungua kufuli, akarudisha, akafunga. Nikaona tena kombaini. "Rudisha!" Mara tatu. Kila alipofungua kile kizimba nilipima umbali wa mkono wangu mpaka kwenye kitufe, na kila mara mwili wake mpana ulikuwa katikati. Niliwaza jenereta. Lakini umeme ukikatika kanda inabaki tumboni mwa deki, na deki ndani ya kizimba, na ufunguo kwa yeye yule. Ingewaka tena kesho na mimi sipo.

Mara ya nne hakurudisha. Wimbo ukaisha. Chenga zikaanza, ile sauti ya mvua ya mawe.

"Imekwisha, zima!" mtu akasema.

"Acheni kwanza," akasema Damiano, "labda kuna ingine." Akaegemea kiti.

Ninyi mnafahamu chenga hukaa muda gani. Mimi nilizihesabu kwa mapigo ya kichwa changu. Nikaona vumbi. Nikaona miguu. Vikuku. Na ile sauti ya kwanza ya kuita.

Nilijua kanda ile kama ninavyojua sala. Miguu, pindo za ngozi, mikono, halafu uso. Nilikuwa na muda wa beti mbili.

Nilivua kanga yangu ya juu nikaitupa kwenye kizimba, nikasimama mbele yake na mikono nimeitandaza kwa nyuma nikiishikilia kwenye nondo. Sauti sikuweza kuifunika. Ilitoka nyuma ya mgongo wangu, kupitia mbavu zangu, ikajaza bwalo.

"We Fina! Toka hapo!" Damiano akanifokea.

"Sitoki."

Ndipo wale walinzi wa Kibarabaig waliokaa nyuma wakasimama. Waliinamisha vichwa wakatoka, haraka, kama watu waliokuta nyoka kwenye njia. Mmoja aliacha fimbo yake. Madereva wa Kiiraqw waliowaona wakitoka hivyo hawakuuliza sababu. Wamezaliwa jirani na watu hao. Viti vikaburutwa. Nilimwona Mzee Akonaay mlangoni, alikuwa amenifuata. Akasikiliza pumzi moja tu ya wimbo, akageuka, akaondoka huku ameziba masikio.

Damiano alibaki. Alikuwa hajui lugha ya wimbo, ila jina lake halikuhitaji kutafsiriwa. Lilikuja mara ya kwanza. Lilikuja mara ya pili.

"Wananitaja," akasema. Halafu akaelewa. "Yumo humo. Huyo mwanamke yumo humo! Toa hicho kitambaa!"

Alikuja. Nitasema ukweli wote kwa kuwa nimeshastaafu: nilijikojolea. Kidogo tu, lakini nilijikojolea. Mikono ilibaki kwenye nondo kwa sababu ilikuwa imekufa ganzi, si kwa ushujaa.

Kitu kikanigusa bega la kulia. Alikuwa yule mama wa sauti ya kwanza, aliyekataa kudanganya mdomo. Alisimama karibu yangu, sare ya kwaya na viatu vyake vya Jumapili. Halafu mwingine kushoto. Wakaja mpaka wakawa tisa, bega kwa bega mbele ya kizimba. Hakuna kati yao aliyekuwa Mbarabaig. Hawakujua kuna nini kwenye kanda. Walijua tu kwamba ni wimbo wa wanawake na mwanaume anataka kuutazama kwa nguvu. Wa mwisho kuja alikuwa Felista, mke wa Damiano.

"Felista, rudi nyumbani."

"Baba Joseti," alisema kwa sauti ndogo, "hicho kinachosemwa hapo ni kweli?"

"Unasikia lugha hiyo wewe?"

"Nasikia jina lako. Na nasikia mtu analia."

Damiano alitutazama sote. Alitazama milango iliyo wazi na viti vitupu. Akautupa ufunguo sakafuni, akatoka, na alipotoka nilisikia anacheka, kicheko kirefu ambacho hakikuwa na mtu wa kukipokea.

Nikafungua. Nikaitoa kanda. Uso wa Mgeni haukuonwa na mwanaume.

Lakini nilikuwa sijamaliza kuogopa, kwa maana sasa ilibidi niende kwa wenyewe. Mzee Akonaay alikataa kusikia. "Usiniambie. Sitaki kujua. Nenda kwa waliokuamini." Nikatembea mpaka boma la Bibi Udamanga na kanda nimeifunga kwenye kanga. Nilimweleza yote nikiwa nimepiga magoti. Alisikiliza. Hakunipigia kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Uliapa," akasema.

"Niliapa, bibi."

"Jina hukuandika kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa yule anajua kusoma. Hukuogopa yule hasomi kitu, anachukua tu." Akanirudishia kanda. "Wanawake watasema juu yako pia."

Walisema. Siku nne nilikaa nikingoja, sikula, kila kivuli mlangoni nilikiona cha mtu anayekuja kunilaani. Siku ya tano tukasikia kwamba Felista amepita kambini mchana kweupe akivuta dume jeusi kwa kamba, peke yake, akielekea mbugani. Hakumwambia mtu alilipata wapi. Damiano hakutoka nyumbani siku hiyo. Mwezi uliofuata aliomba kuhamia shamba lingine, na wimbo wake kwenye kwaya ukabaki bila besi.

Hukumu yangu ililetwa na Mgeni mwenyewe. Alikuja chumba cha picha na Bibi Udamanga. Mzee akatoka nje bila kuambiwa. Mlangoni Mgeni alisimama, anatazama deki kama mtu anavyotazama mbwa asiyemjua.

"Karibu dada," nikasema.

"Amesema aone," bibi akatafsiri. "Mara moja. Halafu ufute. Na afute yeye kwa mkono wake."

Nikawaonyesha. Mgeni aliketi sakafuni karibu kabisa na kioo. Uso wake ulipotokea alishika shavu lake, la kweli, si la kwenye picha. Hakulia. Bibi ndiye aliyefuta macho kwa mkono wake wa bangili.

Halafu nikaunga kamera kwenye deki ya kurekodia, nikairudisha kanda mpaka kwenye chenga, nikafunika lenzi, ili giza lirekodiwe juu ya ule wimbo. Nikamwonyesha kitufe chekundu. Akaweka kidole juu yake, na mimi nikasogea nimzuie, maana video ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopiga na nitakazopiga. Nilitaka kusema, bibi, je, tukiificha vizuri? Maneno yalifika kwenye meno. Mgeni alinitazama, na nikayameza.

Akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Aliuliza kitu kwa lugha yao.

"Anauliza, sasa yuko wapi?" bibi akasema.

"Mwambie hayumo tena."

Bibi akamwambia. Mgeni alitikisa kichwa kwamba amesikia, lakini hakuondoka. Alivuta miguu yake chini ya ile sketi, iliyoshonwa upya kwa ngozi mpya, akaendelea kukitazama kile cheusi bila kupepesa. Nilimwambia inatosha, itakuwa hivyo hivyo mpaka mwisho. Hakugeuka. Basi nikakaa chini karibu naye. Tulitazama dakika zote kumi na moja, sisi watatu, mpaka kanda ikafika mwisho, deki ikasimama yenyewe na kuanza kuirudisha nyuma. Ndipo akasimama.